Kofi la Tarehe Kumi na Saba

Mwezi wa tatu, tarehe 4

Daftari hili nimepewa hospitali na yule mama wa mazoezi ya viungo. Amesema niandike kila siku Bosi amefanya zoezi gani, mara ngapi, na chochote kipya. Nikamwambia mimi shule niliishia darasa la nne, kazi yangu ni kuvunja majumba. Akasema, "Baba, sikuombi hadithi. Andika unavyoongea."

Haya, naongea.

Bosi ni binti yangu, ana miaka kumi na minne. Ana hali ya Down, amezaliwa nayo. Jina la Bosi kapewa na mama yake, maana tangu ajue kusema anaamuru watu tu. Mama yake amefariki, huu mwaka wa tatu. Tunakaa watatu, mimi, Bosi, na shemeji, mdogo wake marehemu. Shemeji ni fundi viatu, anafanyia kazi barazani kwetu, ndiye anayeshinda na mtoto nikiwa kazini.

Mama Mazoezi kamkunja magoti, kamnyoosha, kamsimamisha. Anasema misuli yake milegevu na viungo vinachezacheza, ndiyo maana anatembea miguu imetanuka na ngazi anapanda kwa mikono. Akifanyishwa kazi atakaza. Kuchuchumaa na kusimama mara kumi. Kusimama mguu mmoja. Kukanyaga mstari wa chaki. Ngazi zetu tatu za nje, bila kushika.

Halafu shingo. Hapo aliongea sana. Mifupa miwili ya juu kabisa, wengine wenye Down imelegea, na katikati yake ndimo unamopita uti wa mgongo unaoendesha mikono na miguu. Asibebe kitu kichwani. Asipige kichwangomba. Asipigwe kisogoni.

"Hata kwa mchezo, baba. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Akaongeza na dalili, ukiona hiki au hiki umlete siku hiyohiyo, usingoje mwezi uishe. Mkono wangu hauendi kasi. Nimeandika hayo matatu, mengine nikasema nitayaweka kichwani.

5

Kuchuchumaa kumi. Mguu mmoja kaanguka mara tatu, kacheka. Mvua.

6

Kuchuchumaa kumi. Ngazi hapana, zinateleza.

8

Sisi wabomoaji tuna mchezo. Ukivua kofia ngumu, aliye nyuma yako anakuzaba kofi la kisogo. Hata nyapara anapiga. Mgeni siku yake ya kwanza anapigwa na wote, kwa foleni, ndiyo kukaribishwa. Nimecheza mchezo huo miaka kumi na tisa na nimeupeleka mpaka nyumbani. Shemeji nampiga, ananipiga, marehemu alikuwa anatupiga sote wawili.

Leo Twiga, yule mrefu, kanizaba nikiwa nimeinama nafunga kamba ya kiatu. Nikawaza ile mifupa miwili. Sijui kwa nini. Niligeuka na ngumi. Katema jino kiganjani, kaliangalia.

"Mzee, leo umeamkia ubavu gani?"

Nyapara kasema tushikane mikono au wote wawili twende nyumbani. Tukashikana. Wake ulikuwa na damu.

Kuchuchumaa kumi.

11

Mama Mazoezi alitupa mchoro wa kiatu, nyayo za Bosi ni bapa, zinahitaji kitu cha kuzinyanyua katikati. Shemeji kakata mpira wa tairi, kauchonga siku mbili, kaushonea ndani ya kiatu kirefu cha kufunga juu ya kifundo.

"Mjomba, kinabana!"

"Hakibani, Bosi. Kinakukumbatia."

"Kitoe!"

"Tembea kwanza mpaka mlangoni, ndiyo nikitoe."

Katembea mpaka mlangoni. Hakutaka kitolewe tena.

"Ukali huu ameutoa kwenu," nikamwambia shemeji.

"Kwetu sisi watu wa amani, shemeji. Wewe ndiye unayepiga mlango ukichelewa kufunguka."

13

NGAZI TATU BILA KUSHIKA. Kasimama juu, kanyoosha mikono kama amefunga goli, kaamuru tumpigie makofi. Tukapiga mpaka majirani wakatoka.

15

Ghala tunalobomoa lina ghorofa tatu. Kuta zimekunywa maji wiki mbili. Nyapara kasema tuutoboe ule wa nyuma kwa chini, ulale wenyewe. Nikamwambia ukuta uliolowa haulali unapotaka wewe. Kasema kama naogopa nikauze mchicha.

Umelala upande wetu. Sikusikia hata mlio wake wa kwanza, niliona vumbi na Twiga hayupo. Tulivunja kwa nyundo, kwa mitarimbo, kwa kucha. Nilipolinyanyua pande la zege, chini yake palikuwa na mguu bapa kama kitambaa. Mwenyewe alikuwa hai. Alikuwa anaulizia kofia yake.

"Mtanipiga," akasema. "Kofia yangu iko wapi, mtanipiga."

Amekufa tukimpakia.

Nyapara nimempiga. Nimempiga mpaka mkono umevimba, wenzangu wakiangalia bila kunishika. Siandiki zaidi.

16

Hakuna kazi. Hakuna zoezi.

17

Bosi kamwaga ndoo mbili za maji ndani, nyumba nzima, anacheka. Kofi moja. Basi.

18

Kuchuchumaa nane. Mengine kakataa.

19

Kuchuchumaa saba. Nimerudi kazini. Nyapara ni mwingine.

22

Amejikojolea kitandani. Miaka tisa hajafanya hivyo. Nimemchapa mkanda miguuni.

23

Kuchuchumaa tano. Mvua.

24

Amejikojolea tena, mchana, barazani, mbele ya mteja wa shemeji. Mkanda. Shemeji kasema, "Shemeji, mtoto haumwi kweli?" Nikamwambia kinachomuuma ni kudekezwa.

26

Ngazi amekataa. Kaketi kwenye ya kwanza kama gunia. Nimemvuta mkono, kanifuata kwa magoti. Kiburi. Mazoezi yamemchosha, sasa anajifanya hawezi.

28

Siku hizi anainamisha kichwa upande mmoja, kama kuku anayesikiliza. Shemeji kamuiga, tukacheka. Bosi hakucheka.

30

Kaangusha kikombe. Kaangusha kingine. Mkanda. Hakulia, kaniangalia tu.

Kuchuchumaa mbili.

31

Zoezi hakuna. Mvua kutwa. Nimevunja mlango wa kabati, haukufunguka.

Mwezi wa nne, tarehe 2

Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zinaanguka.

Leo kazi imekatika mapema, radi. Nilifika nyumbani nimelowa mpaka kwenye soksi. Nilitokea upande wa nyuma wa baraza. Bosi ameketi kwenye stuli ya wateja, mgongo kwangu. Shemeji kasimama nyuma yake. Mkono wake uko kisogoni kwa mtoto. Nikaona unanyanyuka, unashuka.

Sikuuliza. Aliyekatazwa kisogo ni mtoto wangu, na huyu nilimwambia, nilimsomea mstari kwa mstari kutoka daftari hili.

Nilimpiga taya. Nilisikia likivunjika, sauti hiyo naijua, ni ya tofali kavu. Alianguka juu ya sanduku lake la misumari. Nikamfuata chini. Kulikuwa na kopo la dawa ya kuchua sakafuni, limefunguka, nililikanyaga nikateleza, nikaanguka juu yake, nikaendelea kupiga hivyohivyo nimelala. Alikuwa anataka kusema kitu, taya halifungi, anatoa povu jekundu. Nikamwambia nyamaza. Nikampiga kwa sababu hanyamazi.

Bosi alinirukia. Hakuruka, alianguka kutoka kwenye stuli, akaja kwa tumbo, akanishika mkono wa kulia, akauma. Kauma mpaka mfupa. "Mwache mjomba! Mwache!" Niliinua mkono mwingine juu yake. Akafumba macho na kukunja uso wote, tayari.

Nikaushusha.

Majirani wamempeleka shemeji hospitali. Kutoka barazani mpaka barabarani kuna mstari wa damu, mvua haijauosha wote.

3

Sina wa kumwachia Bosi. Sijaenda kazini. Hanyanyuki. Nimembeba chooni kama mtoto mchanga. Askari alipita, kasema mgonjwa wa taya ameandika kwenye karatasi kwamba ameanguka barazani mwenyewe. Kaniangalia mkono. "Na wewe umeanguka kwenye meno?" Nikauficha mgongoni. Kaondoka.

4

Mwezi umetimia, siku ya kurudi kwa Mama Mazoezi. Nilimbeba Bosi mgongoni kwenye mvua. Njiani nilikuwa nimeshapanga nitakavyosema: mtoto alikuwa anaendelea vizuri, kapanda ngazi tatu, halafu shemeji akampiga kisogo, mambo yakaharibika.

Nikasema hivyohivyo. Mama Mazoezi alinyoosha mkono. Alichukua daftari. Alisoma amesimama. Alipofika hapo kwenye kujikojolea aliketi. Aliposoma kuhusu kuku anayesikiliza aliinuka tena, akaita mtu mlangoni alete kola ya shingo, mbio.

"Kwa nini hukumleta?"

"Mwezi haukuwa umeisha."

"Nilikuambia. Akianza kujikojolea, kichwa kikienda upande, miguu ikikataa, mikono ikiangusha vitu, siku hiyohiyo. Yote manne umeyaandika humu, baba. Kwa mkono wako. Na umeyajibu kwa mkanda."

Ana nyundo ndogo ya mpira. Alimgonga Bosi chini ya goti, mguu ukaruka kama wa punda. Alimkwaruza unyayo kwa ncha ya ufunguo, kidole gumba kikanyanyuka juu. Kasema hakitakiwi kunyanyuka. Mimi nina nyundo ya kilo saba na sijawahi kuogopa nyundo kama nilivyoiogopa ile.

"Ni shemeji," nikasema. "Nilimwona. Nimemvunja taya."

"Ulimwona tarehe mbili." Alirudisha kurasa. Kidole chake kilikuwa kinatembea juu ya mistari yangu. "Kajikojolea tarehe ishirini na mbili ya mwezi uliopita. Ngazi katikati ya mwezi, anapanda vizuri. Tarehe kumi na nane anaanza kukataa zoezi." Kidole kikasimama. "Hili kofi la tarehe kumi na saba. Lilipigwa wapi?"

Niliangalia ile nyundo yake ndogo.

"Baba. Wapi?"

Niliupiga mlango. Nyuma yangu kulikuwa na mlango, nikaupiga ngumi mpaka ubao ukaingia ndani, nikapiga tena palepale. Watu walikuja kwenye korido. Mama Mazoezi hakuondoka pale kitandani, mikono yake miwili iko kwenye mashavu ya Bosi.

"Ukimaliza na mlango," akasema, "njoo umshike kichwa. Nahitaji mikono yangu kufunga kola."

Nilikwenda. Akanionyesha, kiganja kimoja huku, kingine kule, vidole chini ya taya, usivute, usisukume, kaa tu. Damu yangu ilidondokea kwenye nywele za mtoto. Bosi alikuwa amefumba macho.

"Kisogoni," nikasema.

Mama Mazoezi alifunga kola. Kasema huenda ni kofi, huenda mifupa ilikuwa inaachia yenyewe polepole, hakuna daktari atakayeniapia ni lipi. Kasema hilo halimsaidii mtoto leo. Kasema niandike yote kwa sababu daktari wa upasuaji atalisoma daftari hili.

Nimerudi kwenye ukurasa wa tarehe 17. Sikufuta. Naandika hapa kilichobaki: alikuwa amesimama na ndoo tupu, anasema "Baba, bahari!" Nilikuwa sijamsahau Twiga. Nilimzaba kisogoni kwa mkono wa kulia, kama tunavyopigana kazini, ila kwa nguvu. Kichwa kilikwenda mbele kikarudi. Akaketi kwenye maji. Hakulia. Nilijua siku hiyo nimepiga wapi, ndiyo maana sikuandika.

6

Hospitali kubwa. Eksirei. Daktari wa upasuaji kanionyesha mfupa mmoja umetoka mbele ya mwenzake. Watafungua nyuma ya shingo, waurudishe, waifunge yote miwili kwa skrubu na vyuma. Kama nondo, nikasema. Kasema ndiyo, kama nondo. Kasema anaweza asitembee. Anaweza asiamke. Niweke sahihi.

Miaka kumi na tisa nakata nondo za watu. Nikaweka sahihi.

7

Shemeji yuko hospitali hiyohiyo, wodi ya wanaume. Nilikaa nje ya mlango wake mpaka muuguzi akaniuliza nimepotea. Nikaingia.

Meno yamefungwa kwa waya, ya juu na ya chini. Anakunywa kwa mrija. Jicho moja halijafunguka. Aliponiona alivuta miguu yake juu ya kitanda, kama mtu anayeona maji yanaingia.

Nilimwambia kila kitu. Tarehe 17, yote. Halafu nikapiga magoti kando ya kitanda, nikainamisha kichwa, nikamwambia, "Hiki hapa kisogo. Piga na kitu kizito."

Alichukua gongo la kutembelea la jirani yake wa kitanda. Nilimsikia akilinyanyua. Nilingoja. Lilishuka sentimita chache kutoka sikioni, likapiga fremu ya kitanda, chuma kikalia wodi nzima, mgonjwa mmoja akaruka. Akapiga tena fremu. Akapiga mpaka gongo likakatika, analia kwa pua maana mdomo haufunguki.

Halafu akaonyesha daftari. Nikampa na kalamu. Haya ni maandishi yake:

*Alisema shingo inamuuma wiki nzima. Nilikuwa namchua na dawa. Nilitaka nikuambie ukirudi. Siku ile ya kuku nilimcheka. Hilo langu.*

Chini yake:

*Askari nimemdanganya kwa ajili ya Bosi. Si kwa ajili yako. Na unapiga kama bibi anayefukuza mbuzi, taya lilikuwa bovu tangu zamani.*

9

Wamemwingiza saa mbili asubuhi. Wamemtoa saa tisa mchana.

Anapumua.

10

Hajaamka vizuri. Mvua.

11

Kaamka. Neno la kwanza, "Maji." La pili, "Haraka."

12

Mama Mazoezi amekuja mpaka huku. Kila saa mbili ageuzwe, asioze mgongo. Wageuzaji watatu, mmoja ni wa kichwa tu, na wa kichwa ndiye anayehesabu. Muuguzi akasogea. Mama Mazoezi akasema, "Hapana. Huyu."

"Mimi siwezi."

"Una mikono mizito isiyotetemeka. Umeinua zege miaka kumi na tisa. Shika."

Nilipoinua mikono kuelekea kichwani, Bosi alifumba macho na kukunja uso wote. Kola hairuhusu kichwa kukimbia. Macho tu ndiyo yalikimbia.

Moja, mbili, tatu. Tukamgeuza.

13

Kugeuza mara sita. Kafumba macho mara sita.

15

Kidole gumba cha mguu wa kulia kimecheza. Kaamriwa, kikatii. Cha kushoto hapana.

Mama Mazoezi kanifundisha. Nisitokee nyuma. Nikae anaponiona, mkono uanzie chini kwenye godoro, upande polepole mpaka shavuni, na niseme ninachofanya. "Nakuja na mkono, Bosi." Kasema hilo nalo ni zoezi, la wote wawili, na lina hesabu yake: mara kumi kwa siku, niandike amefumba macho mara ngapi.

20

Kulia vidole vyote. Kushoto viwili. Kufumba macho: tisa.

27

Nilikwenda kazini siku tatu. Kuna mgeni, wamepanga foleni ya kumkaribisha. Zamu yangu ilipofika nilimvalisha kofia yake. "Mzee kafa moyo," wakasema. Mmoja akanizaba mimi badala yake. Nilishika nyundo. Nilikwenda nayo kwenye ukuta, nikaupiga mpaka mchana, hakuna aliyenisogelea.

Mwezi wa tano, tarehe 6

Kuketi ukingoni mwa kitanda, dakika nne, Mama Mazoezi mbele, mimi pembeni. Mguu wa kushoto unachelewa. Kasema huenda utachelewa daima.

Kufumba macho: nane.

14

Nyumbani. Mvua zimekatika, ghala limeisha, pamebaki uwanja. Shemeji karudi barazani. Nyumbani haongei na mimi, anaongea na Bosi, na kama ana neno langu anampa Bosi aniletee. "Baba, mjomba anasema ondoa miguu." Naondoa.

15

Kufumba macho: saba. Kusimama hapana.

16

Shemeji kashona viatu vipya. Cha kushoto kina chuma chembamba kila upande mpaka chini ya goti, mchoro wa Mama Mazoezi. Kauvisha mguu, kafunga kamba, kampima kwa macho. Akasema kwa meno yake yasiyofunguka vizuri, akiniangalia mimi kwa mara ya kwanza, "Mshike, shemeji. Mbele."

Nikakaa mbele. "Nakuja na mikono, Bosi."

Akanishika vifundo vya mikono. Kovu la meno yake liko hapohapo, akaweka kidole gumba juu yake.

"Hesabu," akaamuru.

Nikahesabu. Magoti yalitetemeka, chuma kikalia, mguu wa kushoto ukataka kuondoka, shemeji akauzuia kwa goti lake. Nilifika sita. Akaniangukia kifuani.

"Umeruka nne," akasema. "Anza upya."

Kusimama: mara moja, mpaka sita. Ya pili, mpaka nne.

Kufumba macho nikinyanyua mkono: mara tano. Jana saba.